Kilomita Kumi na Nane kwa Lita

Pale maabara walimwita Mzee Nukta, na jina hilo hakupewa kwa kebehi. Madereva wengine wakirudi safari huandika kilomita tisini, au mia, au chochote kitakachowafikisha nyumbani mapema. Yeye aliinama juu ya mita, akavaa miwani, akaandika tisini nukta nne. Ukimuuliza hiyo nne ya nini, alikujibu kwamba gari limeitembea, kwa hiyo ina haki ya kuandikwa. Vitabu vyake vya safari vya miaka ishirini na mmoja vilikuwa kwenye kabati la ofisi, na hakuna hata mstari mmoja uliokatwa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuandika uongo, tena humo humo kitabuni.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati sita kila siku na kukusanya sampuli za damu. Chupa zile ndogo zilikaa ndani ya sanduku la baridi lililochomekwa kwenye umeme wa gari, na ukizima injini sanduku linaanza kupata joto. Damu iliyopata joto ni ya kumwaga, na mgonjwa inabidi achomwe sindano upya. Kwa hiyo muuguzi akichelewa kuandaa chupa, gari lilinguruma pale uani hata nusu saa bila kusogea hatua moja. Hiyo ilikuwa amri ya maabara yenyewe, imeandikwa na kubandikwa kwenye mlango wa gari.

Mwanzoni mwa mwaka yakaja magari mawili mapya, meupe, yaliyofanana kama mapacha. Moja akapewa Nukta. La pili akapewa Mama Pacha, dereva mwanamke pekee pale, na watu wakacheka kwamba pacha wamefuata pacha wenzao. Nukta ndiye aliyemfundisha kazi mwanamke huyu. Alimfundisha kurudi nyuma kwenye ua mwembamba, kubeba chupa bila kuzitikisa, na kuandika kitabu. Alimwita mwanangu mbele za watu, naye Mama Pacha akiulizwa jambo lolote la barabarani alijibu, mwalimu wangu kasema hivi.

Pamoja na magari kikaja kijitabu, na ndani ya kijitabu namba. Afisa usafirishaji waliyemwita Bwana Rula, kwa kuwa hakusoma karatasi yoyote bila kuweka rula chini ya mstari, aliiona namba hiyo ikamkaa moyoni. Akaiandika kwa kalamu nene, akaibandika ukutani juu ya kiti chake: lita moja, kilomita kumi na nane. Tangu siku hiyo kadi za mafuta zilijazwa kwa hesabu hiyo. Kilomita tisini kwa siku, gawanya kwa kumi na nane, lita tano, kwaheri.

Siku ya nne taa ya njano ikawaka. Nukta hakushangaa sana, maana alishapiga hesabu kwenye kipande cha boksi na jibu likawa moja kila siku. Akapanda ngazi hadi kwa afisa.

"Afisa, gari hili linakula zaidi ya hapo. Nimelipima. Ni kilomita kumi na tatu kwa lita, basi."

Bwana Rula hakuinua kichwa. "Mzee wangu, namba hii sikuitunga mimi. Wamepima wataalamu, ikapigwa mhuri."

"Walipimia njia ipi?"

"Njia ni njia. Gari likishindwa kufika hapo, basi lina tundu. Na tundu liko sehemu mbili tu, kwenye tangi au kwenye mkono wa dereva."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, huku rula yake ikishuka mstari mmoja, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mvua itanyesha. Nukta akashuka ngazi na masikio yake yanawaka moto. Angekuwa mtu mwingine angegoma, au angeliacha gari lizime katikati ya barabara na sampuli zake, wote waone. Lakini kulikuwa na jambo la zamani.

Miaka mingi nyuma, akiwa bado mgeni pale, dereva mmoja alishukiwa kunyonya mafuta kwenye tangi. Walimsimamisha getini saa ya kutoka, wafanyakazi wote wamejipanga na mifuko yao, mlinzi akaambiwa amnuse mikono. Mlinzi akanusa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akasema ni petroli. Yule bwana alilia kama mtoto. Labda aliiba, labda alikuwa ametoka kujaza mafuta tu, nani ajuaye, maana dereva gani asiyenuka petroli. Nukta aliapa siku hiyo kwamba mikono yake haitanuswa na mtu mpaka astaafu. Sasa zilikuwa zimebaki wiki kumi na nne.

Jumamosi akaenda kwa fundi wake wa siku nyingi, akamwonyesha kijitabu. Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akasoma, akacheka peke yake.

"Hawakudanganya, ndio ubaya wake," alisema. "Walilipima kweli. Ila walilipimia ndani ya chumba, magurudumu yanazunguka juu ya mapipa ya chuma, gari lenyewe haliendi popote. Hakuna mlima, hakuna foleni, hakuna vumbi, kiyoyozi kimezimwa. Halafu mtu anakuja anakudai wewe hiyo namba, na sanduku lako la baridi na zahanati zako sita."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwambie afisa wako aipande hiyo milima na kijitabu chake."

Ushauri mzuri, kwa mtu asiyeogopa kunuswa. Nukta aliogopa. Akachagua kufa na tai shingoni. Nyumbani kulikuwa na kidumu cha lita mbili kilichokuwa cha mafuta ya kupikia, akakiosha, akakijaza petroli kwa pesa yake, akakiweka kwenye mfuko wa chakula. Kituo kingine cha mafuta asingeweza kusimama na gari, kwa sababu lilifungwa kifaa kinachoonyesha kila lilipokwenda, na Bwana Rula alikaa akikitazama kwenye kompyuta yake. Basi alikuwa akifika zahanati ya mwisho, yenye ua uliozungukwa na ukuta, na wakati muuguzi anaandaa chupa yeye alikuwa nyuma ya gari akimimina. Mdomo wa tangi ulikuwa na kifuniko cha ndani kinachokataa kumiminiwa hivi hivi, kwa hiyo akatafuta na kipande cha mpira wa kupitishia. Jioni aliandika kitabuni: kilomita tisini nukta mbili, mafuta lita tano. Lita zile mbili hakuziandika. Getini mlinzi alikagua mifuko ya watu wote isipokuwa wa Nukta, maana nani amkague Nukta.

Pesa ilitoka kwenye bahasha ya cherehani. Mkewe alikuwa mshonaji, na kwa miaka mitatu waliweka pesa kidogo kidogo wanunue cherehani ya pili, ya umeme, ili mzee akistaafu wasikae wanatazamana. Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Alifungua kontena la chakula lililorudi nusu, akanusa, akakaa chini.

"Wali wangu unanuka petroli," alisema. "Na bahasha imekonda. Niambie mwenyewe."

Akamwambia. Mwanamke yule akachukua kitambaa cha mteja, akakikunja na kukikunjua.

"Watu huiba kazini wakaleta nyumbani," alisema mwishowe. "Wewe mume wangu unaiba nyumbani ukapeleka kazini. Sijawahi kusikia."

"Ni wiki chache tu. Nataka kutoka na jina langu."

"Jina lipi? La kwenye kitabu au lako?"

Akaenda kuoga. Na kweli alinawa sana siku zile, asubuhi na jioni, kwa sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

Wiki nane zikapita hivyo. Kitabu cha Nukta kikasoma kumi na nane nukta moja, kumi na saba nukta tisa, kumi na nane kamili. Kitabu cha Mama Pacha kikasoma kumi na tatu, kumi na mbili nukta saba, kumi na tatu nukta mbili. Mama Pacha alipanda ngazi kila Alhamisi kuomba nyongeza, na kila Alhamisi Bwana Rula aliisaini kwa wino mwekundu. Yeye hakuwa na mchezo wa vidumu. "Nina watoto wawili wanaokula kama wanne," alisema kwenye chumba cha madereva, "nitaichangia maabara mafuta kwa pesa ya nani?" Wenzake wakacheka. Nukta alicheka pia.

Kisha ikatoka barua. Mama Pacha alitakiwa kufika mbele ya mkurugenzi Ijumaa ya wiki iliyofuata, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa wizi wa mafuta. Bwana Rula aliambatanisha ushahidi, nakala za kurasa nane zilizopigwa mstari kwa rula. Zilikuwa kurasa za kitabu cha Nukta. Gari ni la namna ileile, barua ilisema, aina ya njia ni ileile, na dereva mwenzako mwenye uaminifu usio na shaka anafika kilomita kumi na nane.

Mama Pacha alimkuta Nukta maegeshoni, anafuta kioo. Nukta alidhani atamtukana, na moyoni alitamani atukanwe. Badala yake Mama Pacha alisimama na barua mkononi, akaongea taratibu kama siku ile ya kwanza alipokuja kujifunza.

"Mwalimu wangu, nifundishe unavyofanya."

"Ninavyofanya nini?"

"Hiyo kumi na nane. Mimi nimeshindwa. Najua kuna kitu nakosea, mguu wangu labda mzito. Niambie tu, nitafanya."

Pale ndipo angesema. Maneno yalikuwepo, yalikuwa manne au matano tu. Akatazama getini, akamwona mlinzi kwenye kiti chake, akatazama kitambaa mkononi mwake. Akasema, "Usikanyage kwa nguvu unapoondoka. Na zima kiyoyozi." Mama Pacha akashukuru, tena kwa kupiga goti kidogo, kama binti kwa baba yake. Nukta akabaki anafuta kioo ambacho kilishatakata.

Mwanamke yule aliyashika maneno yale kama dawa. Wiki nzima aliendesha bila kiyoyozi, madirisha yamefungwa kwa sababu alisikia mahali kwamba upepo nao unakula mafuta, jasho linamtiririka mpaka blauzi inashikana na kiti. Mlimani aliomba Mungu. Siku moja alirudi na macho mekundu, akashikilia mlango wa gari kwa muda kabla ya kuweza kusimama. Akaandika kitabuni: kumi na tatu nukta nne.

Siku hiyo Nukta hakula kabisa. Alijiona ni mtu wa ovyo, na hakukosea. Lakini hata mtu wa ovyo hutafuta njia isiyomuumiza sana, na yeye akaipata: Bwana Rula apande gari mwenyewe. Namba ijikanushe, pasiwe na haja ya mtu kuvua nguo hadharani. Akamwomba, na afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa karatasi, akakubali Jumatano.

Wakajaza tangi mpaka pampu ikajikata yenyewe. Mita ikasomwa na wote wawili. Hawajamaliza kilomita kumi, Bwana Rula akalalamika vumbi, akapandisha kioo na kuwasha kiyoyozi mpaka mwisho. Kwenye matengenezo ya barabara walisimama dakika ishirini nyuma ya greda. Zahanati ya tatu muuguzi alikuwa mmoja, na foleni imetoka nje, wakangoja na injini inanguruma, Bwana Rula akisinzia kwenye ubaridi wake. Nukta alikuwa akimtazama pembeni, akisema moyoni, sinzia tu afisa, hayo ni mafuta unayoyalalia. Kidumu siku hiyo alikiacha nyumbani.

Waliporudi wakajaza tena mpaka pampu ikajikata. Kilomita tisini na moja nukta nne. Lita saba nukta moja. Nukta hakuhitaji karatasi. "Kumi na mbili nukta tisa," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nane akavuta pumzi mpaka chini.

Bwana Rula alitazama pampu, akatazama karatasi, akakunja uso. Halafu uso ukakunjuka.

"Nimekuelewa mzee," alisema. "Umemhurumia. Ni kama binti yako, umeendesha vibaya makusudi ili umtetee. Lakini kitabu chako ninacho, siku arobaini, kumi na nane. Nikuamini wewe wa leo, au nimwamini Nukta wa siku arobaini?"

Nukta alibaki amesimama pale pampuni. Hasira zilimjaa mpaka akaona giza, na sehemu kubwa ya hasira hizo haikuwa ya Bwana Rula. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akidhani anazima moto.

Ijumaa alipanda ngazi na mfuko wake wa chakula. Chumba cha mkurugenzi kilikuwa na meza ndefu, mkurugenzi mwenyewe, ambaye alikuwa daktari wa makamo mwenye kusikiliza huku amefumba macho, upande mmoja Bwana Rula na karatasi zake, upande wa pili Mama Pacha amekaa ukingoni mwa kiti. Nukta hakuitwa. Aliingia tu, akaweka mfuko mezani, akatoa kidumu, akatoa na mpira, akaviweka juu ya nakala za kitabu chake. Harufu ikajaa chumba.

"Hizo kumi na nane zimetoka humu," alisema. "Lita mbili kila siku, pesa yangu, sikuziandika. Gari ni kumi na tatu. Huyu hajaiba."

Bwana Rula alinyoosha rula akausogeza mpira kidogo, kama mtu anayegusa nyoka.

"Dumu na mpira," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mshangao wa kweli. "Mkurugenzi, hivi ndivyo vifaa vya kunyonyea mafuta. Miaka yote tumetafuta hivi. Nani duniani anatia mafuta yake kwenye gari la ofisi?"

"Mimi."

"Una risiti?"

"Ya kidumu cha lita mbili? Sina."

"Basi tunajuaje ulikuwa unatia, si unatoa?"

Nukta akanyoosha mikono yake miwili juu ya meza, ngozi imepasuka, vidole vimefunguka. "Nusa," alimwambia mkurugenzi. "Nimeogopa hilo miaka ishirini. Nusa tuone kama inasema ya kutia au ya kutoa."

Mkurugenzi akafumbua macho. Hakunusa. Aliitazama mikono ile kwa muda, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu mwaka uanze, gari linasimama na injini ikiwaka kwa saa ngapi kwa siku. Mama Pacha akamjibu kwa dakika, zahanati kwa zahanati, kutoka kitabuni mwake, maana aliziandika zote. Mkurugenzi akaomba ile amri ya sanduku la baridi, akakuta saini chini yake ni ya kwake mwenyewe.

Usidhani haki ilishuka kama mvua. Barua ya Mama Pacha ilifutwa, hilo ni kweli. Nukta akapewa yake, ya onyo kali kwa kuandika kitabu isivyo, iingie kwenye jalada lake wiki tano kabla ya kustaafu, na akaisaini. Na ile namba ya ukutani Bwana Rula aliibandua, akafikiri, akabandika nyingine: lita moja, kilomita kumi na tano na nusu. Alieleza kwamba amechukua katikati, ya kijitabu na ya madereva, ili asionewe mtu. Gari gani linatembea katikati, hakusema.

Nukta alimkuta Mama Pacha kwenye chumba cha madereva, kitabu chake kimefunguliwa mezani. Alitegemea asante. Tumsamehe, alikuwa ametoka kujivunjia heshima kwa ajili yake, na binadamu ni binadamu.

"Wiki nzima bila kiyoyozi," Mama Pacha alisema bila kumtazama. "Nilitapika kwenye zahanati ya pili. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

"Wanangu waliniuliza kama mama ni mwizi. Nikawaambia hapana, mwalimu wangu atanionyesha nilipokosea." Akageuza ukurasa, ukurasa wa mwandiko wake safi wenye nukta zake zote. "Mimi nilikuwa naandika ulivyonifundisha. Wewe ndiye uliyeacha."

Nukta akavuta kiti. Kabla ya kukaa akaenda kabatini, akaleta kitabu chake, akakaa, akakifungua wiki ya kwanza. Mama Pacha alimtazama, kisha akamsukumia kalamu yake. Nukta akavaa miwani, akapiga mstari juu ya lita tano, akaandika pembeni saba, akapiga mstari juu ya kumi na nane, akaandika kumi na mbili nukta tisa, akasaini. Akashuka mstari wa pili. Siku arobaini na ushee, na zote alizikumbuka. Alipofika ya kumi, Mama Pacha, akiwa bado amekunja uso, akavuta kiti karibu na kuanza kumsomea kilomita.